Barua kwa mwanangu kuhusu uongo wa Bilbo

Mwanangu Salim,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Dada yako anakusalimu na anadai kalamu zake za rangi. Barua yako nimeipata, na swali lako limenifurahisha kuliko matokeo yako ya hisabati, ambayo tutayaongea ukifunga shule.

Unasema kwenye The Hobbit, kile kitabu cha Tolkien, hobiti Bilbo anaiokota pete gizani, anashindana vitendawili na Gollum, yule kiumbe wa pangoni, kisha anatoroka huku Gollum akimlaani. Sasa umeanza The Lord of the Rings, na utangulizi unadai Bilbo aliwahi kudanganya kuhusu pete hiyo, akasema aliahidiwa kama zawadi. Umeutafuta uongo huo kitabu kizima hukuuona. Huwezi kuuona, mwanangu. Uliondolewa mwaka 1951.

The Hobbit ilipotoka mara ya kwanza Uingereza, Septemba 1937, sura ya tano ilikuwa nyingine kabisa. (Mswada wake, kwa taarifa yako, ulisomwa na mtoto wa mchapishaji, mvulana wa miaka 10, akalipwa shilingi moja kwa maoni yake.) Gollum aliahidi kwamba akishindwa atatoa zawadi, na zawadi yenyewe ni pete. Akashindwa. Akaenda kisiwani kwake kuichukua, haipo, maana Bilbo alikuwa nayo mfukoni tayari. Akarudi anaomba radhi, samahani juu ya samahani. Bilbo akajifanya hajui kitu, akamwambia basi nionyeshe njia ya kutokea, yatosha. Akaonyeshwa, wakaagana vizuri tu. Bibi yako angempenda sana Gollum huyo: ukishindwa kitendawili unatoa mji, na unautoa bila kununa. Halafu kile cha sanduku lisilo na bawaba wala kifuniko najua hakikukusumbua, maana "nyumba yangu haina mlango" umeitegua tangu hujaanza shule.

Mwisho wa mwaka uleule Tolkien akaanza kuandika mwendelezo, ndio huo The Lord of the Rings, na humo pete ikamgeukia. Awali ilikuwa ya kumfanya mtu asionekane, basi. Sasa ikawa kitu kiovu kinachomshika mwenye nacho hata asiweze kukitoa kwa hiari yake. Gollum yule muungwana angeitoaje? Mwaka 1947 Tolkien akamtumia mchapishaji wake sura ya tano iliyoandikwa upya, kama mfano tu wa jinsi ingeweza kuwa. Kimya. Mwaka 1950 akaletewa kurasa za toleo jipya azisahihishe, akakuta sura ile imeshaingizwa. Alishangaa, akafikiri, akakubali.

Naomba uifungue tena sura hiyo, pale Bilbo haonekani na Gollum amechuchumaa mbele yake, kaziba njia. Upanga anao. Amchome amalize. Ndipo anapoyawaza maisha ya yule kiumbe: siku zisizo na hesabu wala mwanga, mawe magumu, samaki wa baridi, kunyemelea na kunong'ona peke yake. Huruma inamshika, anamruka gizani anakwenda zake. Huruma hiyo haikuwamo mwaka 1937. Ingetoka wapi, na wenyewe walikuwa wanaagana kama majirani? Kwangu mimi ndiyo mistari bora kuliko yote kitabuni, na iliandikwa miaka 10 baada ya kitabu, kwa ajili ya kuweka sawa hadithi nyingine. Ukifika sura ya pili ya hicho ulicho nacho sasa, utamkuta mchawi Gandalf akiizungumzia. Sisemi zaidi.

Lakini nakala za zamani zilikuwa zimekwisha kuenea majumbani mwa watu. Mwandishi mwingine angenyamaza, akaomba wasomaji wasahau. Tolkien akasema ile ya kwanza ndivyo Bilbo alivyoandika mwenyewe kwenye kumbukumbu zake, ili haki yake juu ya pete isitiliwe shaka. Gandalf hakuamini, akambana mpaka ukweli ukatoka, na kilichomtia wasiwasi ni kwamba Bilbo hakuwa mtu wa uongo. Pete ilikuwa imeshaanza kazi! Ujanja huo nauvulia kofia. Kwa hiyo uongo unaoutafuta ni toleo la kwanza lenyewe.

Hakuishia hapo. Mwaka 1960 akataka kuandika upya kitabu kizima kwa sauti nzito ya The Lord of the Rings. Akaenda sura chache, akampa rafiki yake asome. Rafiki akamwambia ni nzuri sana, ila si The Hobbit. Akaacha, na mimi namshukuru rafiki huyo, kwa sababu yule msimulizi anayetaniana na watoto ndiye angekuwa wa kwanza kufukuzwa.

Mwaka 1966 likaja toleo la tatu, zaidi kwa sababu ya mambo ya hakimiliki Marekani. Humo alirekebisha vitu vidogovidogo, hadi chakula. Katika sura ya kwanza Gandalf alikuwa akiagiza kuku wa baridi na nyanya. Sasa anaagiza kuku na achari. Wasomaji wengi wanaona ni kwa sababu nyanya asili yake ni Amerika, haikukaa vizuri katika dunia ile ya kale. Tumbaku, nayo ya hukohuko, ilipona, sijui kwa upendeleo gani.

Nakala yako niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, na ukurasa wenye mwaka umechanika. Hebu angalia Gandalf wako anakula kuku na nini, uniandikie. Kama ni nyanya, usimwazime mtu kitabu hicho mpaka nije siku ya wazazi.

Mama yako