Kabla hujasaini fomu ya kusomea kazini

Malindi, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Nuru, asalaam aleikum,

Sauti uliyonitumia nimeiskiza mara mbili manake ya kwanza nilikuwa kazini na mashine za londri zanguruma sikushika kitu, saa hizi watoto washalala ndo nimekaa nikujibu vizuri. Nilivyoelewa mie ni hivi, gesti hausi yenu hapo Shela ya Lamu imeongea na chuo, mtakuwa mwasoma huku mwafanya kazi, mwisho mpate cheti, na bosi ashagawa fomu anataka zirudi kabla ya Ijumaa. Wewe waniuliza usaini ama uache. Saini. Lakini si hiyo fomu vile ilivyo, mwambie kwanza aandike masaa.

Najua kila mtu hapo anauliza karo ni ngapi na cheti ni cha nani, na ni sawa waulize, lakini sisi huku hotelini tuliposomeshwa hivo hivo karo ililipwa na chuo ni chuo cha kweli na bado nusu ya watu waliachia njiani. Kilichowashinda ni wakati. Tulipoanza tuliambiwa hakuna kwenda darasani kila siku, mafunzo yako kwa simu, soma unapopata nafasi. Sasa niambie mtu wa hausikipingi nafasi aipata wapi? Shifti yaisha saa kumi, ufike nyumbani, upike, uoshe, ndo unashika simu saa nne usiku macho yamejaa usingizi na bando ni lako mwenyewe. Hoteli ilikuwa ikijisifu kwa wageni kuwa yasomesha wafanyakazi, na hata nusu saa ya kazi haikutoa. Mimi nilimaliza kwa sababu mama alikuwa akinilelea watoto, basi, si kwamba nilikuwa hodari kuliko wenzangu.

Nina binamu yangu yuko Uingereza, anafanya kazi kwa nyumba ya kulea wazee, naye alianza uanagenzi, yaani kusoma huku wafanya kazi, na kolej ya huko 2023. Nikamuuliza nyinyi mwapata wapi wakati, akanicheka. Kwao ilikuwa sheria angalau masaa 6 kwa wiki yawe ya kujifunza, na ni ndani ya masaa ya kulipwa, si baada ya kazi, kabla ya hapo ilikuwa ni asilimia 20 ya wakati wako wote wa kazi. Na mwanagenzi halipi karo hata senti. Kampuni kubwa, ile ambayo mishahara yake yapita pauni milioni 3 kwa mwaka, tangu 2017 yakatwa nusu asilimia ya mishahara hiyo iende kwa mafunzo, kwa hivo mwajiri ashatoa pesa asiposomesha watu amezipoteza bure. Hata digrii siku hizi zapatikana kwa njia hiyo kule, vyuo vikuu vilianza 2015.

Usinambie hiyo ni Ulaya. Hapa Kenya pia mwajiri anatakiwa alipe shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, ni tozo ya mafunzo ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi, na akisomesha watu wake kwa utaratibu wao anaweza kudai arudishiwe gharama. Muulize bosi wako kwa adabu kama analipa na kama ashawahi kudai, utamuona anavyokuna kichwa. Na chuo cha Utalii kule Nairobi, kilichofunguliwa 1975, kimekuwa kikiendeshwa kwa pesa za tozo zinazotoka kwenye bili za mahoteli. Yaani pesa za kusomesha watu wa hoteli zatoka kwa jasho letu siku zote, kwa hivo usiende kwenye hicho kikao umeinamisha kichwa kama waomba.

Jambo jengine ni msimu, na hili naomba ulishikilie kabisa. Wewe mwenyewe wajua, mwezi wa tano na wa sita mvua, kusi limekaza, wageni hakuna, hoteli nyengine zafungwa na watu warudishwa nyumbani bila mshahara. Si hapo ndo pa kusomeshwa? Lakini chuo kina kalenda yake, Januari, Mei, Septemba, hakijali wageni waja lini, na mtihani wetu wa vitendo wakatuwekea Desemba. Desemba Malindi! Wataliano wamejaa, kila chumba kina watu, magari ya eapoti yaingia usiku kucha, supavaiza anasema leo hakuna mtu kutoka hata kama yuaja waziri. Watu wakakosa mtihani, wakaandikiwa hawakufika. Chuo kikalaumu hoteli, hoteli ikalaumu chuo, na hao wawili walipiga picha pamoja siku ya kusaini mkataba. Haya ndo mambo ya kukaa na kusemezana kabla, si baada. Nyinyi mwambieni chuo nadharia yote ije kusi likivuma, na wakati wa wageni mwalimu ndo aje Shela awapime mkiwa kazini, mkataba wenyewe uwe hivo. Mitaala ya siku hizi imekatwa moduli moduli, waweza kumaliza moja ukapumzika ukaja nyengine, kwa hivo wasikwambie haiwezekani.

Kupimwa kazini ndo sehemu niliyoipenda walai. Mwalimu alikuja na karatasi yake ya kutiki akasimama mlangoni pa chumba hasemi kitu. Nikavua mashuka, nikatandika, pembe nikakunja, tukaingia bafuni. Unazijua zile chupa za dawa zimeandikwa R1, R2, mpaka R6, mie miaka yote nikizijua kwa rangi na harufu. Akauliza mbona umeanza na R6 ya choo hali bafu bado. Nikamwambia R6 yataka ikae kidogo ndani ya choo ifanye kazi, huku mie nasugua bafu na R1, vioo na R3 vije mwisho. Akatiki. Akauliza na ukitia na jiki humo humo? Nikasema watu watakohoa watoke mbio, nishaona. Hapo ndo akanieleza kuwa ile R6 ni asidi, ikikutana na jiki yatoa gesi ya klorini, ndo inayochoma kifua. Kitu nilichokuwa nakijua kwa mikono nikakijua na sababu yake, hapo hapo nimesimama na brashi, na tangu siku hiyo kila msichana mpya akija namwambia hilo kabla ya kumuonyesha hata mashuka yako wapi.

Wewe jikoni utaulizwa ubao wa bluu ni wa nini, samaki mbichi, mwekundu nyama mbichi, wa kijani saladi, na kwa nini kuku mbichi akae rafu ya chini ya friji. Haya yote wayafanya. Sosi za Kifaransa ndo utakariri kidogo, usiogope, anayeweza kutengeza tui lisikatike hashindwi na beshameli.

Halafu uliza kama wana ule mpango wa kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, wenyewe wauita RPL. Wewe umepika tangu kabla ya Nuru kuzaliwa, haingii akilini ukae na vijana waliomaliza shule juzi mfundishwe kukata kitunguu. Wakupime kile unachokijua wakupe, usome kilichobaki tu. Na ukikosa kabisa kuna mitihani ya gredi ya NITA, yaanza gredi 3 wapanda mpaka 1, lakini kwanza uliza huo mpango wa RPL.

Logibuku nayo, lile daftari la kuandika kazi uliyofanya kila siku, angalia nani ataisaini. Wetu alikuwa anasaini kurasa zote kwa mkupuo kama karani wa bandarini na magunia, kila mahali kaandika vizuri, vizuri, vizuri, hata siku ambazo mtu alikuwa ofu. Mwalimu wa chuo akifungua aona upuzi mtupu. Mwambie shefu wenu asaini siku hiyo hiyo na aandike umepika nini. Wewe nawe piga picha kila sahani, weka na tarehe, hizo picha zaingia kwenye faili lako la ushahidi.

La mwisho nimelisoma kwenye ile picha ya fomu uliyonitumia, imekatika chini lakini naona kuna maneno ya kukaa hapo kazini baada ya kumaliza. Sina shida na hilo, mtu akikulipia ana haki ya kutaka ukae kidogo. Lakini muda gani? Na wakikufukuza wao katikati, utalipa wewe? Wakifunga mwezi wa tano hiyo miezi yahesabiwa ama haihesabiwi? Na cheti kikitoka kije mkononi mwako, kisiwekwe kwa droo ya ofisi. Kuna dada mmoja hapa mpaka leo afuata chake.

Kwa hivo kesho ukienda kazini piga picha tena hiyo fomu, kurasa zote, mpaka ile mistari midogo ya chini, unitumie. Jumanne niko ofu nitaisoma yote na nitakupigia usiku, usisaini kabla hatujaongea. Na huyo mwenzako wa chumbani uliyesema hajui kusoma vizuri mwambie naye asubiri, mie nitamsomea kwa simu.

Nuru msalimie, mwambie zile kofia alizoahidi kunishonea mjomba wake bado twangoja. Mama akusalimu sana, asema ukipata mtu wa basi mtumie bahasha ya halua ya Lamu, ya hapa ameikataa.

Ni mie shoga yako wa Shela ya Malindi