Mandhari ya terminali haichaguliwi kwa picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nichangie makala ya ukurasa wa teknolojia iliyowaeleza wasomaji namna ya kubadili rangi za terminali, yaani lile dirisha ambamo kompyuta hupewa amri kwa maandishi. Mwandishi alishauri mtu atazame picha za mandhari mbalimbali (yaani seti za rangi zilizopangwa tayari) mtandaoni, achague inayompendeza, kisha anakili faili lake. Hapo kwenye kuchagua kwa picha ndipo ninapotofautiana naye.

Programu inayoendeshwa ndani ya terminali mara nyingi haitumi rangi yenyewe, hutuma namba tu. Ikituma 31, terminali hutazama jedwali lake la rangi 16, nane za kawaida na nane angavu, ikachukua chochote kilichoandikwa mahali pa nyekundu. Kwa hiyo anayetengeneza mandhari anajaza jedwali litakalotumiwa na programu asizozijua, na picha moja ya dirisha aghalabu huonyesha rangi chache tu kati ya hizo.

Mimi mwenyewe nilinaswa na Solarized, mandhari ya Ethan Schoonover ya mwaka 2011, ambayo hadi leo naihesabu miongoni mwa zilizofikiriwa vizuri kabisa. Usuli wake wa giza, yaani rangi iliyo nyuma ya herufi, ni #002b36, namna ya kompyuta ya kuandika rangi kwa tarakimu na herufi. Katika jedwali lake asilia, nyeusi angavu, ambayo ni rangi namba 8 kwa hesabu inayoanzia sifuri, nayo ni #002b36. Nilikuwa nimewawekea wanafunzi wangu nyongeza ya zsh (programu inayopokea amri ndani ya terminali) inayopendekeza amri zilizowahi kuandikwa, na nyongeza hiyo, isipobadilishwa, huandika pendekezo lake kwa rangi hiyo hiyo namba 8. Mwanafunzi mmoja akagusa mshale wa kulia, na amri nzima ya kufuta folda ikajitokeza mbele yake. Ilikuwapo pale muda wote, ila imeandikwa kwa rangi ya ukuta. Akaniita, “Mwalimu, hii nimeiandika saa ngapi?” Bahati yetu hakubonyeza Enter.

Terminali tunayotumia darasani ni Alacritty, ambayo mipangilio yake hukaa katika faili la alacritty.toml ndani ya folda ya .config/alacritty. (Maelezo ya zamani yanayotaja faili la muundo wa YAML yamepitwa na wakati tangu toleo la 0.13.) Rangi niliziweka katika faili la peke yake, nikaliita kwa mstari wa import, unaoingiza faili moja ndani ya jingine, ili nisichafue mipangilio mingine, kisha nikawa nahariri huku nikitazama, kwa sababu Alacritty hulisoma faili upya mara linapohifadhiwa na rangi hubadilika papo hapo. Kwanza rangi namba 8 niliipa #586e75. Usiku nyumbani ilisomeka bila taabu. Mchana darasani, projekta ikishindana na jua la dirishani, haikuonekana kabisa. Kipimo cha utofauti wa mwanga kilichomo katika WCAG, miongozo ya kimataifa ya kuzifanya kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, kilinieleza sababu: uwiano wake na usuli ni takriban 2.8 kwa 1, ilhali miongozo hiyo hutaka angalau 4.5 kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida. Nikaishia kuzipa herufi za kawaida #eee8d5, iliyomo katika Solarized yenyewe, na ile #839496 iliyokuwa ya herufi nikaishusha iwe rangi namba 8, ambapo uwiano ni takriban 4.7. Wapenzi wa Solarized watasema nimeiharibu, na kwa kiasi fulani wana haki, maana aliyeiunda alikusudia utofauti mpole usiochosha macho. Ndiyo sababu faili langu nimelipa jina jingine.

Kuna jambo jingine ambalo gazeti lenu lilinifundisha bila kukusudia. Picha ya makala ilichapwa kwa nyeusi na nyeupe, na ile nyekundu inayoonyesha mistari iliyofutwa katika faili pamoja na kijani ya mistari iliyoongezwa zikawa kijivu kinachokaribiana mno. Sikuihesabu kuwa kasoro ya uchapaji, kwa kuwa wapo watu, wanaume zaidi, wanaozaliwa wasiweze kutofautisha vizuri nyekundu na kijani, na kwao rangi mbili zenye mwanga unaolingana hazisaidii kitu. Naomba makala ijayo iwashauri wasomaji kugeuza picha ya mandhari yao kuwa nyeusi na nyeupe kabla ya kuiweka, na badala ya picha ya dirisha ichapishe jedwali zima la rangi 16 likiwa juu ya usuli wake. Jedwali hilo halitachukua nafasi kubwa kuliko tangazo dogo la nyumba ya kupanga.

Wenu,
Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro.