Tulipandishe Shata: Wito wa Harambee kwa Watoto Wanaosubiri Mtaa wa Jamhuri

Ndugu majirani, wazazi wenzetu, na ninyi mliokulia mitaa hii ya katikati ya Dar es Salaam mkahamia mbali,

Wanaanza kufika saa nane mchana. Wametoka shule za Olympio, Diamond na Bunge, mabegi mgongoni, na hawaendi nyumbani. Nyumbani ni Mbagala, Chanika, Kimara Mwisho, na mama aliyepanda nao daladala alfajiri bado yuko kazini mpaka saa kumi na mbili. Anauza duka la mtu, anafagia ofisi, anaosha vyombo kwa mama lishe. Basi wanamsubiri barazani. Wakubwa wanafanya hesabu wamepiga magoti, daftari limewekwa kwenye ngazi ya duka. Wadogo wanalala wameegemea mabegi yao. Siku za masika tunawasogeza ndani ya maduka yetu, wawili huku, watatu kule, kati ya maboksi na wateja.

Ngazi wanayoandikia ni ya fremu iliyofungwa. Ina vyumba viwili, stoo na choo, na shata lake halijapandishwa kwa miaka mitatu sasa. Tunataka tulipandishe, watoto wasubiri na kusomea humo ndani.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafanyabiashara na wakazi wa hapa. Nauza karatasi na vifaa vya ofisi hatua chache kutoka hapo, na najua shata hilo lilivyoshuka kwa sababu langu nusura lishuke nalo. Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, wizara zilianza kufungasha moja baada ya nyingine. Makarani waliokuwa wananunua rimu tano tano kwetu, wakila mchana hapa na kushonesha nguo hapa, wakaenda nazo. Biashara ya jumla ilikuwa imeshavutwa Kariakoo siku nyingi. Halafu zikaja simu: mteja anachagua mzigo akiwa kitandani, bodaboda anampelekea. Kodi za fremu hazikushuka kwa mwendo huo. Mpangaji mpya anatakiwa alipe miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na pengine kilemba juu yake, yaani fedha ya kuachiwa fremu tu, kabla hajauza hata kalamu moja. Ndiyo maana neno "Inapangishwa" linaandikwa kwa rangi mlangoni, linafifia, linaandikwa tena.

Wapo wanaosema mji umehama, tuuache uhame. Siafiki hata kidogo. Duka likifungwa, taa ya baraza inazimwa nalo. Pale kwetu kona ikageuka mahali pa kujisaidia usiku, mama lishe akahamisha meza zake kwa ajili ya harufu, na waliokuwa wanakula kwake wakaacha kupita mbele ya maduka yetu.

Tulimfuata mwenye fremu. Wengi wakiona jengo la zamani mjini hudhani ni la Msajili, kwa kuwa majengo mengi ya hapa yalitaifishwa mwaka 1971 yakawa chini ya Msajili wa Majumba, mpaka Shirika la Nyumba la Taifa lilipoyachukua mwaka 1990. Hili lilibaki kwa mwenyewe, mzee wetu wa siku zote. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili alisema atafikiri. Mara ya tatu tulikwenda saa tisa alasiri, tukamwomba atoke nasi tu mpaka barazani awaone wajukuu. Alisimama pale muda mrefu. Wiki hiyohiyo alitupa funguo.

Makubaliano yameandikwa na barua ina muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa. Tunaitumia fremu mwaka mmoja bila kodi. Matengenezo, umeme na maji ni juu yetu. Akipata mpangaji, anatupa notisi ya siku 30 nasi tunampisha. Sharti hilo liliwatia hofu wenzetu wengine, na ninawaelewa. Lakini halikubuniwa hapa. Katika mji wa Newcastle, Australia, mtaa mkuu wa Hunter Street ulikuwa umejaa maduka matupu, na mwaka 2008 Marcus Westbury alianzisha mpango wa kuwaomba wenye majengo wayaazime kwa mafundi na wasanii, kwa ruhusa ya siku 30 inayoendelezwa kila inapoisha. Wenye nyumba walikubali kwa sababu hawakufungwa mikono. Ndiyo maana kila tunachonunua sisi kitakuwa cha kubebeka: meza za kukunja, viti, rafu zisizopigiliwa ukutani. Tukihamishwa, tunahamia shata lingine, na mashata mitaa hii hayakosekani.

Tumeulizwa kwa nini watoto wasiende Maktaba Kuu pale Bibi Titi. Kwa mwanafunzi wa sekondari ni mahali pazuri sana, na imekuwa ikiwapokea tangu mwaka 1967. Mtoto wa darasa la pili huwezi kumwacha huko peke yake. Mama yake anataka mahali anapoweza kuchungulia dakika mbili wateja wakipungua, akahakikisha mwanawe amekula.

Gharama yote ni shilingi 9,400,000. Nyaya za umeme zimeliwa na panya, kuzibadilisha ni 1,800,000. Choo na mabomba, 2,300,000. Meza, viti na rafu, 2,600,000. Rangi na kurekebisha shata, 900,000. Zinazobaki, 1,800,000, ni za luku, maji na posho ya mwangalizi kwa miezi 12, yaani 150,000 kila mwezi. Walimu wawili wastaafu wanaoishi jirani wamejitolea kukaa na watoto kwa zamu, hawataki malipo. Majirani wa mtaa tumeshachanga 2,150,000. Tunawaombeni tusaidiane kupata 7,250,000 zilizobaki.

Elfu mbili inapokelewa, na itaandikwa daftarini kama laki mbili inavyoandikwa. Asiye na fedha ana vitabu vya kiada ambavyo watoto wake wameshavimaliza, au ana jamaa fundi umeme wa kutupunguzia ufundi. Mliokulia hapa mkawa mbali, ninyi ndio mnaolikumbuka baraza hili lilipokuwa na taa.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, mbele ya fremu yenyewe. Lipa namba ya kikundi imebandikwa kwenye shata, na kila mchango una stakabadhi. Ukitaka kuona ndani kabla ya kutoa chochote, mweka hazina ana funguo siku zote za kazi. Mwite akufungulie, ila njoo na tochi.