Nani ofisini kwako anawasimamia wauzaji wa data?

Kazi yetu ni kuwasaidia wenye biashara kuwasimamia wanaowauzia data. Msimu wa korosho ukikaribia, wateja wanatupigia kuuliza watapata wapi data: za bei, za mvua, za mashamba, za wakulima. Tukienda ofisini kwao tunakuta data wanazo, tena wanazilipia sehemu tatu nne. Kampuni moja ya Dar inawatumia bei za minada kila wiki. Nyingine ya nje inaleta ramani za mashamba. Ya tatu inatuma ujumbe mfupi kwa wakulima, na namba zote za simu imezishika yenyewe. Taarifa za hali ya hewa zinaingia kwenye barua pepe ya kijana aliyeshaacha kazi, na ankara inaendelea kulipwa kwa sababu mhasibu ameikuta inalipwa.

Kama unanunua korosho au ufuta, unaendesha ghala, una SACCOS au unauza pembejeo huku Mtwara na Lindi, huenda umeshajiona humo.

Tuanze na unachokilipia. Matokeo ya minada hayana siri: yanatangazwa, wakulima wanayajua jioni ileile, na siku hizi mauzo yenyewe yanapita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Takwimu za Sensa ya 2022 unazipata bure kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Picha za setilaiti za Sentinel-2, za mpango wa Umoja wa Ulaya, nazo ni bure. Zinapigwa eneo lilelile takriban kila siku tano, na pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa mita 10 za ardhi. Hatusemi anayekuuzia vitu hivi anakuibia. Kukusanya, kusafisha na kupanga ni kazi, na kazi inalipwa. Lakini muulize: "Hii umeitoa wapi, na wewe umeongeza nini juu yake?" Muuzaji mzuri anajibu hapohapo. Mwingine atakutumia kijitabu cha matangazo chenye picha nzuri.

Kwenye ramani za mashamba kuna swali moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Setilaiti ya aina hiyo haioni chini ya mawingu, na mvua zetu za kusini zinanyesha Novemba hadi Aprili. Sasa mtu anayekuletea ramani safi ya kijani kila wiki ya Januari na Februari, bila pengo hata moja, mwambie akuoneshe picha halisi ni za tarehe gani na wapi amejaziliza kwa makadirio. Kujaziliza kunaruhusiwa, mradi akuambie. Mikorosho inachanua kiangazi, mawingu yakiwa machache, kwa hiyo ukiwa na fedha ya picha za miezi michache tu, zichukue kipindi hicho.

Tatizo linalokula muda wetu zaidi kuliko yote ni upokeaji. Karani wa ghala hapokei gunia bila kupima unyevu na kuangalia daraja, lakini faili la data linapokelewa kwa neno "asante" na kwenda moja kwa moja kwenye ripoti ya bosi. Tulifungua mafaili ya mteja mmoja, kazi nzito ikawa kwenye safu mbili tu za jedwali. Ya kwanza ni ya tarehe. Mnada wa tarehe 3 Oktoba umeandikwa 03/10, kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani imeusoma kuwa 10 Machi, na ripoti ya bei ikawa na mnada wa korosho mwezi ambao hakuna mtu anayeuza korosho. Ya pili ni ya wilaya. Humo kulikuwa na "Lindi DC", "Lindi Vijijini" na "Mtama" kama wilaya tatu tofauti, wakati halmashauri iliyokuwa ya Lindi Vijijini ndiyo Mtama ya leo, na baadhi ya kata zake zimehamia Manispaa ya Lindi. Nanyamba nayo ilionekana mara mbili, mara kama mji, mara ndani ya Mtwara Vijijini. Wakulima walewale walikuwa wamehesabiwa mara mbili, na muuzaji alishaandika kwenye barua yake kwamba "wigo umepanuka".

Hapo bado hujafika kwenye majina (Mohamedi, Muhamedi na Mohammed wa kijiji kimoja, namba ya simu moja), wala kwenye Excel inayokula sifuri ya mwanzo ya namba ya simu.

Kwa hiyo kila mteja wetu tunamwandikia karatasi moja ya kupokelea: safu gani lazima ziwepo, tarehe ziandikwe vipi, majina ya wilaya yafuate orodha ipi, nini kikizidi kiasi gani faili linarudishwa. Karatasi hiyo inaambatanishwa na mkataba. Faili likirudi, sababu inaandikwa kwa barua pepe, si kwa simu wala kwa WhatsApp, kwa sababu mkataba ukifika mwisho hizo barua ndizo zitakazokusaidia kuomba punguzo au kuondoka.

Nani aishike karatasi hiyo? Wengi wanaitupia kwa kijana wa IT. Sisi tunasema apewe anayezitumia data. Kijana wa IT ataona kwamba faili limefunguka. Afisa ununuzi akiangalia bei ya Tandahimba kwa jicho tu anajua kwamba imekaa vibaya.

Kwenye mkataba wenyewe tunasoma vifungu vichache kwa makini kuliko vingine. Kimoja ni kile kinachosema mkataba unajihuisha wenyewe usipotoa taarifa siku 60 au 90 kabla. Tarehe hiyo iingie kwenye kalenda ya ofisi siku unaposaini. Kingine ni fedha. Kwa kanuni zilizotoka Machi 2025, bidhaa na huduma zinazouzwa hapa nchini hazipangiwi bei wala kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo kampuni ya ndani inayokuletea ankara ya dola irudishie. Ukilipa kampuni ya nje, mkumbushe mhasibu kodi ya zuio, ile unayomkata muuzaji kwenye malipo yake: kwa huduma za asiye mkaazi ni 15%, kwa mkaazi ni 5%. Wakikuandikia "bei isiyokatwa kodi", hiyo 15% umeibeba wewe, na ndiyo inayogeuza huduma ya bei poa kuwa ghali.

Kisha kuna upatikanaji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitupitia, barabara ya kwenda Dar ikakatika upande wa Kilwa, na tarehe 12 mwezi uleule mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom inayotuletea intaneti ikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Mwenye data zake zote kwenye tovuti ya muuzaji alikaa akiangalia duara linazunguka. Mkataba ukupe haki ya kushusha nakala na kuitunza kwako, na mtu aishushe kweli.

Namba za wakulima tuzitazame peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inafanya kazi. Jina, namba ya simu, akaunti ya benki na ukubwa wa shamba la mtu ni taarifa binafsi. Wewe uliyezikusanya ni mkusanyaji, na kampuni inayotuma ujumbe kwa niaba yako ni mchakataji, na wote mnapaswa kusajiliwa. Mkulima alitoa namba yake kwa AMCOS, chama chake cha ushirika cha mazao, ili ajue malipo yake yametoka. Hakuitoa ili atumiwe matangazo ya pikipiki. Kampuni ya ujumbe ikizitumia namba hizo kwa biashara nyingine, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Mkataba utaje kazi moja tu ambayo namba hizo zinatumiwa, zinahifadhiwa nchi gani, na zinafutwaje mkiachana, kwa uthibitisho wa maandishi.

Na upande wako pia: lipa kwa wakati. Muuzaji unayemdai marekebisho huku anakudai ankara tatu hatapokea simu yako. Mpigie hata kama hakuna tatizo, mweleze msimu unakwendaje na unapanga nini mwakani. Wengi wao hawajawahi kuona ghala la korosho, na makosa mengine wanayafanya kwa kutojua tu.

Sisi hatuuzi data, na hatuchukui kamisheni kwa anayeziuza. Kazi yetu ni kukusanya mikataba yako, kupima mafaili, kukaa kwenye kikao na muuzaji upande wako, na kukwambia yupi umwache. Ukiwa na muuzaji mmoja tu huenda hutuhitaji. Chukua maelezo ya hapo juu, mpe afisa wako daftari, inatosha.

Wanaotaka tuonane kabla ya msimu waje Agosti au Septemba mwanzoni, maana minada ikishaanza Oktoba afisa ununuzi hana nafasi ya kukaa na sisi. Njoo na mikataba yote, hata iliyoisha, ankara za mwaka mzima, na faili la mwisho ulilotumiwa na kila muuzaji, kama lilivyofika, bila kurekebisha kitu.