Lesi yangu, na mwanamke aliyesahauliwa ndani ya neno

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kariokor. Wiki jana mama mmoja alimleta bintiye kupima gauni la harusi ya dada yake. Nilikuwa nimelitia kola ya lesi ya buluu niliyoichagua mwenyewe Eastleigh, kila ua nikalishikiza kwa mkono lisije likajikunja shingoni. Binti akajitazama kiooni, akasema kwa Kiingereza kwamba kola ni "tawdry". Mama akaniuliza maana yake. Sikuijua.

Jioni nikaitafuta. Ni pambo la bei ya chini, linang'aa tu lakini halina hadhi. Iliniuma, kisha nikasoma asili yake nikasahau uchungu wangu.

Kulikuwa na malkia huko Uingereza, Etheldreda, aliyeacha ufalme akawa mtawa. Mwaka wa 673 alianzisha nyumba ya watawa mjini Ely, na mwaka wa 679 akafariki akiwa na uvimbe shingoni. Mtawa Bede aliyeandika habari zake anasema aliupokea uvimbe ule kama adhabu ya mikufu aliyoivaa ujanani. Shingo ile ile! Jina lake likafupishwa na watu kuwa Audrey. Kila Oktoba 17 pakawa na soko la sikukuu yake, na wanawake wakinunua utepe wa hariri wa kufunga shingoni, lesi ya Mtakatifu Audrey. Mtakatifu kwa Kiingereza ni "Saint", na ile "t" ya mwisho ikarukia jina lililofuata: "tawdry". Kufikia karne ya 17, jina la mtakatifu lilikuwa limeshakuwa dharau.

Sisi wa Kariokor tusishangae. Mtaa wetu unaitwa hivyo kutokana na "Carrier Corps", Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, maelfu kwa maelfu wakafia njiani kwa maradhi na njaa. Leo ukitaja Kariokor, mtu anawaza vyondo na nyama choma.

Nawaomba walimu wanaowafundisha watoto wetu maneno kama haya wawasimulie na watu waliomo ndani yake. Binti yule anakuja Jumamosi kuchukua gauni. Nitamsimulia habari za Audrey huku nikimfunga vifungo, na kola sijaibadilisha.

Fundi cherehani,
Kariokor, Nairobi