Ileteni na kutu yake

Mhariri salaam,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee bunduki za zamani zilizobaki majumbani huku kwetu Moshi. Najua wengi wanazo, ni zile wazee walizomilikishwa kihalali miaka hiyo kulinda mahindi ya shamba la chini, nyani na nguruwe pori walikua hawaachi kitu, sasa mzee akishafariki inabaki darini au nyuma ya kabati na hakuna anayeigusa.

Ya baba yetu ni 303, ile ya Kiingereza yenye mbao mpaka karibu na mdomo wa mtutu. Tuliikuta juu ya dari kule Marangu imeviringishwa kwenye gunia la kahawa, na hapo ndo lilipoanzia kosa maana gunia linanyonya ule ukungu wa mlimani na kuushikilia palepale kwenye chuma, masika baada ya masika, kutu imekua nene kama magome ya mti. Bolti, kile chuma cha kuvuta kuingiza na kutoa risasi, haiendi mbele wala nyuma. Hatukuilazimisha, kaka akaenda kituoni na leseni ya marehemu, wakaja askari, mmoja mtu mzima akaidondoshea mafuta akakaa kama nusu saa ndo akaivuta taratibu mdomo wa bunduki ukiangalia ukuta wa mawe. Zikatoka risasi nne. Nne Mhariri, na wajukuu kila siku wanapanda hilo dari kufata ndizi zilizoivishwa!

Taratibu za kuihamishia kwa kaka zilichukua miezi, hizo niziache. Baada ya hapo ikapelekwa kwa fundi mwenye kibali isafishwe na tukarudishiwa inang'aa kama sufuria mpya. Kumbe kaipiga grainda yenye brashi ya waya, akaja na msasa, akamalizia na vanishi kwenye mbao. Kaka alifurahi sana. Mi nikaigeuza nikaangalia upande wa kulia, pale kitako kinapoungana na chuma, bunduki hizi ndo hapo zinapigwa taji, herufi za kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Palikua laini kabisa, unapitisha kidole husikii kitu.

Niliumia. Aina hii Waingereza waliianza 1907 na ndo walikuja nayo kupigana na Mjerumani hapahapa kwetu, Machi 1916 kwenye vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta kisha wakaingia Moshi, makaburi ya wanajeshi wa vita ile tunayo hapa mjini. Ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya hapo, kwahiyo bila ule mwaka hatujui tena ya baba iliziona zile siku au ilikuja baadae kabisa.

Na balaa zaidi ikawa namba. Leseni ni namba, bila namba huna bunduki, una kesi. Ya kwenye chuma kikuu ilibaki kivuli tu na kaka alivyopeleka kukaguliwa wakamuuliza nani kaifuta, fikiria mwenyewe mtu aliyefuta namba ya silaha anaonekanaje. Kilichomuokoa ni kwamba 303 namba ileile inapigwa pia kwenye mkono wa bolti, grainda haikufika huko.

Mi ni seremala, nikaomba zile mbao tu nizirudishe. Vanishi niliitoa yote pole pole. Palipobonyea niliweka kitambaa kibichi nikapitisha pasi ya moto, mvuke unainua nyuzi za mbao zenyewe huhitaji kukwangua. Halafu mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kidogo sana, unasugua kwa kiganja mpaka usikie joto, unaacha ikauke kesho unarudia. Na matambara yenye mafuta hayo usiyarundike pembeni, yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka, yaanike moja moja nje.

Chuma nacho kilitaka hivyohivyo. Mafuta mepesi, usiku mzima, halafu unakwangua kutu na kipande cha shaba kwa sababu shaba ni laini kuliko chuma, ile rangi nyeusi ya kiwandani inabaki na alama zinabaki. Mtutu wa ndani ndo hauponi, una vishimo, fataki za risasi za zamani zinaacha chumvi na chumvi inavuta maji, ndo maana askari wa zamani walikua wanamimina maji yanayochemka kwanza kabla ya mafuta.

Nilivyofungua kifuniko kidogo cha chini ya kitako nikakuta kichupa cha mafuta cha shaba na kamba ya kuvutia kitambaa ndani ya mtutu, imesokotwa vizuri. Baba ndo aliiweka. Yule fundi hata hakufungua.

Ombi langu kwenu, kila polisi wanapotangaza watu wasalimishe silaha watu wanaona aibu kupeleka kitu cha kutu, wanakimbilia msasa kwanza. Siku nyingine mkichapa hilo tangazo ongezeni mstari mmoja tu, msiiguse, ileteni na kutu yake.

Msomaji wenu,
Seremala, Moshi