Barua kwa Nekesa: Mapenzi Mwisho wa Reli

Nakuru

Mwanangu Nekesa,

Natumaini u mzima. Mama yako na mimi hatujambo, mvua imeanza na mahindi ya huku yameota vizuri.

Uliniuliza kwa simu: "Baba, wewe ni mtu wa reli. Kwa nini usiandike historia ya reli, hayo mambo ya mapenzi uwaachie vijana?" Wageni walikuwa sebuleni, sikuweza kukujibu inavyofaa. Swali lako ni la haki, mama, na nimeona heri nikujibu kwa maandishi kwa nini naandika riwaya ya mapenzi.

Wewe umelelewa katika nyumba za reli, unajua kazi yangu ilivyokuwa. Stesheni masta ni mtu wa daftari. Treni imeingia saa ngapi, imetoka saa ngapi, imevuta mabehewa mangapi, nani ametia sahihi. Nilifanya hivyo Londiani, Muhoroni na Kibos kabla ya kuhamishiwa hapa, na niliipenda kazi ile. Ndiyo maana nilisoma kila kitabu nilichopata kuhusu njia hii. Vinaeleza kwamba ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Vinaeleza kwamba wafanyakazi 32,000 hivi waliletwa kutoka India na kwamba 2,500 hivi kati yao walikufa. Simba wa Tsavo, wale waliowala wajenzi, wamepewa kurasa nyingi kuliko watu. Mnamo Desemba 1901 reli ilifika ziwani, Florence Preston, mke wa mhandisi, akapiga msumari wa mwisho, na Kisumu siku hizo ikawa inaitwa Port Florence.

Baada ya hapo, kimya. Maelfu ya vijana walilala kambini miezi na miaka, wakapita katika nchi za watu wenye mabinti, wenye ng'ombe wa mahari, wenye ngoma za mavuno. Nekesa, hakuna aliyependa? Hakuna aliyeahidi kurudi, hakuna binti aliyekaa njiani akitazama moshi? Walikuwepo. Ila daftari halikuwa na safu ya kuandika jambo hilo, na hata mimi mwenyewe katika kazi sikuwahi kupewa safu hiyo. Riwaya ya mapenzi inayo. Sikuichagua kwa sababu ni nyepesi.

Sasa nikupe hadithi yenyewe, maana nilikudokezea tu.

Nasimiyu ni mhandisi wa siku zetu. Anakagua madaraja ya njia ya Nakuru hadi Kisumu wakati ilipokuwa ikikarabatiwa, kabla treni ya abiria haijarejea Desemba 2021. Karibu na Fort Ternan anavuka daraja moja, na anapofika ng'ambo anajikuta mwaka 1901, mbele ya kambi ya wajenzi. Huko anakutana na Makokha, mkalimani kutoka Mumias. Nilimtoa Mumias makusudi. Wafanyabiashara wa Pwani walikuwa wakifika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, na misafara yao hata kabla ya reli, kwa hiyo kijana wa Wanga angeweza kukijua Kiswahili na kuzungumza na binti huyu bila mimi kudanganya msomaji.

Mlango wa kurudi uko wapi? Hapo ndipo kazi ya reli ilinisaidia. Mlango uko mahali reli inapoishia. Kila siku vibarua wanapotandika mataruma mapya, mlango unasogea mbele: leo uko Fort Ternan, baada ya wiki kadhaa uko Muhoroni, halafu Kibos. Reli ikigusa maji hakuna tena mwisho wa kusogea, na mlango unafungwa. Nasimiyu anawaona vibarua wakiinua nyundo na anajua kila pigo linapunguza muda wake na Makokha. Niliandika sura hiyo usiku kucha na sikusikia usingizi.

Mtu akikuambia hadithi za kusafiri katika wakati ni rahisi kwa sababu ni za kubuni, usimkubalie. Kila sentensi ina mtego. Nasimiyu hawezi kula mbuta Kisumu mwaka 1901. Samaki yule aliletwa ziwani miaka ya 1950. Hawezi kuona gugumaji, lile lilikuja kutuchosha karibu na mwaka 1990. Akitazama upande wa Kericho haoni mashamba ya chai, anaona msitu. Mfukoni ana shilingi ambazo hakuna duka litakalozipokea, kwa kuwa watu wanatumia rupia. Akiulizwa yuko nchi gani atasema Kenya, na karani atamwambia yuko Uganda. Nyanda zetu hizi zote, hata Kisumu, zilihesabiwa kuwa Uganda mpaka mwaka 1902. Mambo haya nayatafuta Nairobi, kwenye Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue na kwenye jumba la makumbusho la reli, na ninatoka huko nikiwa na furaha ambayo sikuitarajia katika umri huu. Hata ile meli ndogo ya William Mackinnon nimeipata. Vipande vyake vilibebwa na wapagazi kutoka Pwani, ikaunganishwa Kisumu na kuingizwa majini mwaka 1900. Makokha anampeleka Nasimiyu ufukweni kuitazama. Hiyo ndiyo sehemu mama yako anaipenda.

Kuna jambo zito ambalo lilinisimamisha kwa muda mrefu. Sitaki riwaya inayoupaka ukoloni manukato. Reli ile ilifuatwa na kodi ya serikali ya kikoloni kwa kila nyumba na kuporwa kwa ardhi. Wanandi waliipinga, na Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, katika mkutano ulioitwa wa amani. Nasimiyu amesoma haya shuleni. Vilevile anajua malale yanakuja kando ya ziwa, ugonjwa ulioua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda peke yake. Mtu anayejua hayo yote anawezaje kukaa akitazamana na mpenzi wake chini ya mti?

Nikaweka sheria moja, na kitabu kizima kimesimama juu yake: msafiri anaweza kubeba habari, lakini hawezi kuwalazimisha watu kumwamini. Nasimiyu anasema. Anawaambia wazee, anamwambia karani, anamwambia mhandisi. Wanamwona ana homa. Anayemwamini ni Makokha peke yake. Hana ushahidi wowote, ila amemsikiliza siku baada ya siku na hajamkuta akisema uongo. Anamhamisha mama yake kutoka kwenye vichaka vya ufukweni, huko wanakoishi mbung'o, na mama yule anaishi. Historia kubwa haikugeuka. Boma moja liliokoka. Mimi nadhani mapenzi yenyewe ndiyo hayo, kuaminiwa na mtu ambaye hana njia ya kukuhakikisha, na ndicho nilichotaka kukuambia siku ile ulipopiga simu.

Mama yako amenisaidia kuliko unavyodhani. Mimi nilijua injini, yeye alijua alivyosimuliwa na nyanya yake: ujumbe wa kijana haukwenda moja kwa moja kwa msichana, ulipita kwa shangazi. Kwa hiyo Makokha, ambaye msichana wake hana shangazi katika mwaka ule, inabidi amtafutie mmoja. Anampata mama muuza mtama sokoni, mjane mkali, na sura zake ndizo zinazonipa raha kuandika. Anauliza maswali yote ambayo shangazi halisi angeuliza.

Kuhusu umri wangu na kazi mpya, mwanangu, hilo lisikutie wasiwasi. Grace Ogot wa Asembo alisomea uuguzi na ukunga, akafanya kazi hospitali ya Maseno, na bado ndiye tunayemtaja kwanza tukihesabu wanawake walioandika riwaya nchini. Kazi ya kwanza haipotei. Daftari la stesheni lilinifunza kutoandika saa ambayo sikuiona kwenye saa ya ukutani, na sasa sikubali kuandika vazi, chakula au bei bila kupata mahali ilipoandikwa. Watu wakisema mapenzi ni mambo ya kubuni tu, mimi nataka mapenzi haya yawe na tarehe sahihi kama ratiba ya treni. Babu na nyanya zetu wanastahili hilo.

Tena usiogope kwamba nitawaua mwishoni. Rafiki yangu mmoja mwalimu anasisitiza kwamba kitabu kizito lazima kiishe kwa kilio. Nimekataa. Msomaji wa riwaya ya mapenzi anampa mwandishi jioni zake akitegemea kwamba wawili hawa watapatana, na kuvunja ahadi hiyo ili nionekane msomi ni kumdhulumu. Watakuwa pamoja. Kinachonishinda ni wapi.

Hapo nakuhitaji wewe. Nimekutumia kwa barua pepe sura ya ishirini, siku reli inapofika Kibos. Nimeandika namna mbili. Katika ya kwanza Nasimiyu anabaki, anaacha kazi yake, wazazi wake, simu, hospitali, kila kitu, kwa ajili ya mwanamume. Katika ya pili Makokha ndiye anayevuka, anamwacha mama yake na nchi kabla ya kodi na kipande, anakuja kuishi Kisumu yenye taa na magari asiyoyajua. Mama yako anataka ya pili. Mimi moyo wangu uko kwa ya kwanza, lakini mimi ni mzee wa kiume na wewe ni msichana mwenye kazi uliyoisomea kwa shida, mbali na nyumbani. Nisomee zote mbili, halafu niambie bila kunihurumia: wewe ungefanya nini? Andika pembeni mahali popote Nasimiyu anaposema neno ambalo msichana wa siku hizi hawezi kusema.

Ukimaliza nipigie jioni, baada ya saa mbili, nikiwa nimeshatoka shambani. Na Barasa usimwambie bado ni nani anayevuka, anataka kusoma mwenyewe.

Baba yako